Sura na Jina: Kazi ya Jonathan Kingdon Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Wachoraji wa wanyama wa Afrika ya Mashariki ni wengi, lakini wachache sana ndio walioifanya kalamu ya risasi kuwa chombo cha elimu kama alivyofanya Jonathan Kingdon. Kazi yake imepimwa mara nyingi kwa Kiingereza. Haijapimwa vya kutosha kwa lugha ya watu wanaoishi pamoja na wanyama aliowachora. Wataalamu wa wanyama wamekwisha kusema yao juu ya vipimo vyake, na wajuzi wa sanaa juu ya mstari wake. Swali lililosalia ni la lugha, nalo ni hili: mchoraji aliyezaliwa katika nchi ya Wanyamwezi, akafundisha Makerere, akakusanya majina ya wanyama katika lugha za nchi hizi, amemfikishia nini mtu amjuaye mnyama kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au kwa Kizinza?

Ili swali hili lisibaki hewani, inafaa liwekewe mahali. Mahali penyewe ni Sengerema, ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza, ambako Wazinza, ambao lugha yao ni jamaa ya Kikerewe na Kihaya, wanakaa pamoja na Wasukuma, ambao lugha yao ni jamaa ya Kinyamwezi cha Tabora alikozaliwa mchoraji huyu. Mtoto wa Sengerema humjua mnyama kwanza kwa jina la nyumbani, kisha shuleni kwa jina la Kiswahili, na akiendelea sana na masomo, kwa jina la Kiingereza na la Kilatini. Katika ngazi hiyo ya majina kila kidato kina picha yake, na picha hizo hazifanani.

Kingdon alizaliwa mwaka 1935, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Alisomea sanaa Uingereza, Oxford na kisha London, na katika miaka ya 1960 akawa mwalimu katika shule ya sanaa ya Makerere, Kampala, ambayo Margaret Trowell aliianzisha mwaka 1937. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyeandika juzuu kubwa kuliko zote juu ya wanyama wa nchi hizi hakuwekwa kazini awe mtaalamu wa wanyama, bali awe mwalimu wa kuchora. Na hoja zake karibu zote zilianza machoni na mkononi kabla hazijafika katika maneno.

Kati ya mwaka 1971 na 1982 kampuni ya Academic Press ya London ilitoa kitabu chake East African Mammals, yaani wanyama wanyonyeshao wa Afrika ya Mashariki, juzuu tatu zilizogawanywa katika vitabu saba. Cha kwanza, chenye kima, pimbi, kakakuona na wengineo, kilitoka mwaka 1971. Popo, sungura na panya walifuata mwaka 1974. Walao nyama mwaka 1977. Wanyama wakubwa mwaka 1979. Na swala na jamaa zao wakaifunga kazi mwaka 1982. Karibu na mwaka 1990 kikaja Island Africa, kitabu kinachoitazama Afrika kama kundi la visiwa, si visiwa vya majini, bali vya misitu na milima ambamo viumbe wasiopatikana kwingine wamejitenga. Mwaka 1997 kilitoka kiongozi chake cha wanyama wa Afrika nzima, na mwaka 2013 juzuu sita za Mammals of Africa, ambazo alizihariri pamoja na wenzake watano. Hivi ndivyo kazi hiyo inavyoonekana ikiorodheshwa. Lakini orodha haionyeshi kilichomtofautisha.

Kilichomtofautisha ni namna ya kuchora. Mchoraji wa kawaida wa vitabu vya wanyama humweka mnyama ubavuni, amesimama, kama mtu aliyeitwa kupigwa picha ya kitambulisho. Kingdon humchora mnyama mara nyingi katika ukurasa mmoja: akiinuka, akijikuna, akigeuza shingo, akinusa. Kisha humvua. Ngozi huondoka, misuli ikaonekana; misuli huondoka, ikaonekana mifupa. Msomaji hufahamishwa kwa nini bega limeinama vile na kwa nini taya ni zito vile. Hakuna rangi nyingi wala mandhari ya machweo, na hiyo ni sifa. Mbuga iliyopakwa machungwa ya jua kutua imekwisha kuuza kalenda nyingi, lakini haijamfundisha mtu yeyote jinsi fisi anavyotembea.

Kwake yeye mchoro ulikuwa njia ya kutafuta, si pambo la kilichokwisha kupatikana. Mfano mmoja unatosha kwa wanaisimu, kwa kuwa unahusu ishara. Mwaka 1980 Kingdon alichapisha uchunguzi wake juu ya nyuso za kima wa msituni, wale wa jenasi Cercopithecus. Mtu huweza kudhani kwamba doa jeupe la puani, au ndevu, au utepe wa shavuni, ni urembo tu wa maumbile. Kingdon, kwa kuzichora nyuso hizo pamoja na mwendo wa kichwa, alionyesha ya kuwa rangi na mwendo ni kitu kimoja: kima hutikisa kichwa kwa namna ambayo doa lake hulipeperusha mbele ya mwenziwe, na kila aina ina doa lake na mtikiso wake. Hii ni hoja juu ya mfumo wa ishara, yaani tofauti ndogo zinazobeba maana kwa sababu zinatofautiana na nyingine. Aliyezoea kutenganisha fonimu atajiona yuko nyumbani.

Mfano wa pili ni wa panya mkubwa mwenye kishungi cha nywele mgongoni, ambaye mbwa akimwuma huweza kufa. Mwaka 2011 Kingdon na wenzake walieleza kwamba panya huyo hutafuna gamba la msunguti, mti ule ule ambao wawindaji wa Afrika ya Mashariki hupikia sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yake katika nywele za ubavuni, nazo nywele hizo zimeumbwa kama utambi wa taa, zenye vishimo vya kunyonya. Hoja nzima inasimama juu ya umbo la unywele mmoja ulioangaliwa kwa makini. Mzee aliyekuwa akitengeneza mishale angalifahamu habari hiyo upesi kuliko mwanafunzi wa chuo, kama angalielezwa kwa lugha yake.

Hapo ndipo panapoanza suala la majina. Katika East African Mammals kila mnyama hufunguliwa kwa jedwali dogo: jina la Kiingereza, jina la Kilatini, jamaa yake, vipimo vyake, na, pamoja na hayo, majina ya kienyeji, kila jina likifuatwa na lugha yake. Kiswahili kimo, na lugha nyingine za Tanzania, Uganda na Kenya zimo. Mchoraji hakulazimishwa na mtu kufanya hivyo. Vitabu vingi vya wakati wake viliridhika na Kiingereza na Kilatini, kana kwamba mnyama alikaa bila jina mpaka meli ilipotia nanga.

Thamani ya jedwali hilo kwa watunga kamusi ni kubwa kuliko walivyoitambua. Udhaifu wa kamusi za Kiswahili katika mlango wa wanyama unajulikana. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa chini ya uangalizi wa Frederick Johnson mwaka 1939 huridhika mara nyingi kusema kwamba neno fulani ni aina ya samaki, au aina ya ndege, au aina ya swala, ikaishia hapo. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ingawa ilitia michoro michache, iliurithi ugonjwa huo. Kumwambia mtu kwamba kitu ni aina ya samaki ni kumwambia kwamba mtunga kamusi hakwenda sokoni. Katika juzuu za Kingdon, jina la Kisukuma au la Kiswahili limekaa ubavuni mwa sura ambayo haiwezi kukosewa, yenye masikio yake, unyayo wake na ramani ya mahali inapopatikana. Maana ya neno haikuelezwa kwa maneno, imeonyeshwa. Kamusi ya picha ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikihitajika, ikatungwa na mtu ambaye hakukusudia kutunga kamusi.

Lakini sifa isipitilize. Majina hayo yamo kama wageni waliopangwa foleni mlangoni, hayakukaribishwa ndani. Baada ya jedwali, kitabu huendelea kwa Kiingereza kurasa nyingi, wala jina la kienyeji halirudi kuulizwa lina maana gani, limetoka wapi, au wenye lugha husema nini kwa kulitumia. Hatuambiwi kwamba Msukuma amwitaye fisi mbiti humtaja kwa sauti ya chini usiku kwa sababu ya habari za wachawi, wala kwamba mhuli, yaani tembo, ni neno lenye heshima. Mchoraji aliyemvua mnyama ngozi na misuli mpaka akafika mifupani hakulivua jina hata tabaka moja. Labda si haki kumdai hilo. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaisimu, nao hawakwenda. Hata hivyo dosari ipo, na ilikua kadiri kazi ilivyopanuka. Katika kiongozi cha mwaka 1997, kilichoandikwa kwa bara zima, kila mnyama amebakiwa na jina moja la Kiafrika kwa kawaida, nalo ni la Kiswahili, likiwekwa pamoja na la Kifaransa na la Kijerumani. Kitabu cha mfukoni hakiwezi kubeba lugha elfu mbili, na heshima waliyopewa Waswahili ni kubwa. Ila kwa kupanda Kiswahili kwenye jukwaa hilo, Kisukuma na Kizinza vimeteremka, na mtoto wa Sengerema amepoteza kidato cha kwanza cha ngazi yake.

Kwamba hasara hiyo si ya wanaisimu peke yao, bali yamhusu hata mnyama mwenyewe, inaonekana wazi kwa fisi maji. Mnyama huyu hana undugu na fisi. Ni wa jamaa ya nyegere na kicheche; ana mwili mwembamba, mkia wenye nguvu na miguu yenye utando, na yule mwenye madoa shingoni huishi katika Ziwa Victoria, na anaonekana hasa katika maji ya kisiwa cha Rubondo, upande huo huo wa kusini-magharibi ambao Sengerema imo. Kiswahili kilimpa jina kwa kuazima: kikachukua jina la mnyama mlafi wa nchi kavu na kulitupa majini. Sasa fisi katika Kiswahili si mnyama tu. Ni neno la kumtukania mtu mwenye uchu, asiyeshiba, anyemeleaye cha mwenziwe. Likitajwa jina, tusi limekwisha kutangulia.

Basi achukue mchora katuni kazi ya kutengeneza bango la kuhifadhi viumbe wa ziwa, na aandikiwe jina hilo chini ya picha. Mkono wake utampeleka wapi? Utampa mnyama meno, tumbo, na jicho la wizi, kwa kuwa jina linadai hivyo. Na mvuvi, ambaye tayari humshuku mnyama huyo kwa kutoboa nyavu na kula samaki walionasa, ataliangalia bango na kuona ushahidi wa mashtaka yake mwenyewe. Bango lililokusudiwa kulinda limetoa hukumu. Hapa mchoro wa namna ya Kingdon una kazi ambayo maneno hayaiwezi: unamwonyesha mwogeleaji, kiumbe ambaye kila mfupa wake umetengenezwa kwa maji, wala hana mnasaba na yule wa porini. Sura inalikana jina. Ni ajabu kidogo kwamba kazi nzuri kuliko zote ya kumtetea fisi maji dhidi ya jina lake la Kiswahili ingefanywa na mchoro usiokuwa na neno lolote la Kiswahili chini yake.

Na mashtaka yenyewe yana historia. Sangara alitiwa katika ziwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa mkono wa binadamu. Katika Ghuba ya Mwanza, wataalamu wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa wakifanya kazi huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuhudia katika miaka michache ya 1980 samaki wadogo wa furu wakipungua mpaka aina nyingi hazikuonekana tena. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliisimulia habari hiyo katika kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1996. Mwaka 1990 Hans Kruuk na P. C. Goudswaard walikuwa wamekwisha kuandika jinsi mabadiliko hayo ya samaki yalivyogusa chakula cha fisi maji. Kwa hiyo mnyama aitwaye mlafi alikuwa mmoja wa walionyang'anywa sahani.

Furu nao wana mkasa wao wa lugha. Ziwa hili lilikuwa na spishi za furu zipatazo 500, na Kiswahili kina neno moja. Wataalamu walipokuta samaki mpya kila wavu ulipopandishwa, walilazimika kuwapa majina ya muda, kwa rangi na kwa umbo, wakisubiri Kilatini. Michoro ya samaki hao ipo, mizuri, yenye kila gamba na kila jino, kwa kuwa furu hutambulikana kwa meno yao. Kingdon hakuwachora; samaki hawakuwa katika ahadi yake. Lakini hapo msomaji anaona kazi yake ingekuwa na maana gani kama ingefanywa juu ya ziwa kwa utaratibu ule wa mwaka 1971, jedwali la majina ya wavuvi likiwa kando ya kila samaki, kabla ya samaki na majina yao kwenda pamoja.

Ni lazima sasa kazi hii ilinganishwe na upande wa pili wa sanaa, yaani katuni na picha za hadithi, kwa sababu huko ndiko msomaji wa Kiswahili alikozoea kukutana na mnyama aliyechorwa. Katuni ya Kiswahili nchini Tanzania ilikua katika magazeti, na shabaha yake ilikuwa binadamu. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alikuwa mtu wa mjini mwenye vituko vyake, si mnyama. Mnyama aliingia katika picha kwa mlango wa hadithi, na huko huingia amevaa nguo. John Kilaka, ambaye mtindo wake umetoka katika uchoraji wa Tingatinga na ambaye vitabu vyake vya watoto vimechapishwa Ulaya, ni mwalimu wa namna hiyo. Wanyama wake huvaa mashati ya maua, hubeba vikapu, huenda sokoni, hugombana na kupatana. Hawana misuli ya Kingdon, wana majirani.

Mojawapo ya hadithi alizochora Kilaka yafaa ikumbukwe hapa kwa sababu ya mada yake. Ukame umeingia, wanyama wana njaa, na upo mti mmoja uliojaa matunda mabivu ambayo hayaanguki. Mti hauachi tunda mpaka uitwe kwa jina lake, na jina hilo analijua kobe peke yake. Wanyama wakubwa wanakwenda kuuliza, na njiani wanasahau, kila mmoja kwa kiburi chake. Sungura mdogo ndiye anayelirudisha: Ntungulu mengenye. Matunda yanamwagika. Wahakiki wa Ulaya wamelisoma jambo hili kama fundisho la kutodharau wadogo, na bila shaka limo. Ila msikilizaji wa lugha atasikia pia kwamba neno lile si la Kiswahili sanifu, na kwamba Kilaka hakulifasiri. Angeliandika mti wa ajabu, au mti wa baraka, hadithi ingalikufa mkononi mwake, kwa kuwa yote inategemea jina lenyewe, kwa sauti zake zenyewe.

Wapo watakaosema ya kuwa hapana haja ya kupambanisha watu hawa wawili, mmoja wa elimu na mwingine wa watoto. Haja ipo. Hifadhi ya viumbe katika nchi hizi imesemwa kwa Kiswahili chenye maneno mazito ya ofisi: maliasili, mazingira, uhifadhi, ujangili. Neno maliasili lenyewe linamtangaza mnyama kuwa mali kabla hajatajwa. Na neno jangili limemchukua mwindaji wa jana, aliyeheshimiwa kijijini, likamfanya mhalifu wa leo bila kumweleza mpaka ulipita wapi. Mabango mengi ya hifadhi huchukua maneno hayo na kuyatia kinywani mwa tembo aliyechorwa kama katuni, naye tembo husema kama afisa. Huyo si tembo wa Kingdon, mwenye mwili wa kweli, wala si tembo wa Kilaka, mwenye tabia. Ni tarishi wa wizara mwenye mkonga. Udhaifu wa mabango hayo si mkono wa mchoraji, ambao mara nyingi ni mzuri. Ni kwamba mchoraji amepewa sentensi kabla ya kupewa mnyama.

Katuni yaweza kufanya zaidi ya hapo. Huko Marekani, Jay Norwood Darling, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufa mwaka 1962, alichora katuni katika gazeti la Des Moines kwa miaka mingi, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1924 na tena mwaka 1943, na shabaha yake iliyorudi tena na tena ilikuwa uharibifu wa udongo, mito na ndege. Mwaka 1934 aliwekwa kuongoza idara ya serikali iliyosimamia wanyamapori, na mwaka huo huo akachora stempu ya kwanza ya bata, ambayo kila mwindaji wa ndege wa maji alipaswa kuinunua kwa dola moja, fedha zikatumika kununua mabwawa ya kuwahifadhia ndege hao hao. Darling aliweza kwa sababu aliwachora watu waharibuo, kwa lugha ya watu hao, wakajitambua na kucheka kwa uchungu. Kingdon hakuchagua njia hiyo. Katika juzuu zake binadamu mharibifu ni kivuli nje ya ukurasa. Jambo lake ni kumfanya mnyama ajulikane kwa undani mno hata kumpoteza kuonekane kuwa ni aibu ya akili. Njia hiyo ina nguvu kwa msomi. Kwa mvuvi wa kokoro wa Sengerema, ambaye hajawahi kuzifungua juzuu hizo wala hangeweza kuzinunua, nguvu hiyo haijafika.

Je, jina laweza kusafiri kwa njia ya kurudi, kutoka kijijini mpaka katika kitabu? Limekwisha kufanya hivyo. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, walisikia kwa wenyeji habari za kima aitwaye kipunji. Hawakuwa wamemwona, walikuwa na jina tu. Walilifuata, wakamkuta mnyama. Mwaka uliofuata watafiti wengine, bila ya kujua habari za Rungwe, walimwona huyo huyo katika milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu kwa pamoja. Kwanza alipewa jina refu la Kiingereza, lakini halikudumu. Mwaka 2013, katika juzuu za Mammals of Africa zenye jina la Kingdon katika orodha ya wahariri, mnyama huyo ameandikwa kipunji, kwa Kiingereza na kwa Kilatini pia. Kwa mara moja hii jina la kienyeji halikusimama foleni mlangoni. Ndilo lililofungua mlango.

Upande wa ziwa lipo neno jingine lililopita njia iyo hiyo, ingawa kwa kimya. Swala wa vinamasi, mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope na manyoya ya kuvumilia maji, huitwa kwa Kiswahili nzohe. Hilo si neno la pwani, kwa kuwa mnyama huyo si wa pwani. Ni neno la nchi za maziwa, na halikosi undugu na njobe wa Waganda, ambao wana ukoo mzima wenye jina hilo. Kiswahili hakikumwita swala maji, kama kilivyomwita mwenziwe fisi maji, kilikwenda kuuliza. Rubondo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, inajulikana kwa wanyama hao wawili, na mgeni akivuka kwenda huko huambiwa atazame kandokando ya mafunjo asubuhi. Atamwona nzohe, mwenye jina alilopewa na watu waliomjua, na ndani ya maji, hatua chache kutoka hapo, atamwona yule mwingine akiogelea na samaki kinywani.